Babu yangu alikuwa Freemason au jenerali wa ngoma? Wajuzi wa beni naombeni msaada

Mjukuu wa Chumbageni
Wakuu, za jioni. Naomba msaada wa wanaojua mambo ya zamani ya Pwani.

Mwezi uliopita tulikuwa Tanga kwenye arobaini ya baba mkubwa. Katika kupanga vyombo vyake tukakuta picha ya babu kwenye fremu, imefichwa nyuma ya kabati. Amesimama, koti jeupe lenye vifungo vinavyong'aa, mabegani ana vile vitambaa vya nyuzinyuzi kama afisa wa jeshi, utepe mpana umepita begani hadi kiunoni, mkononi ana upanga. Nyuma kuna maandishi ya Kiarabu yaliyoliwa na mende.

Babu hakuwahi kuwa askari. Alikuwa karani wa forodhani, akafa 1974. Nikamuuliza bamdogo, akanijibu kwa sauti ya chini: "Yaache hayo. Baba alikuwa Freemason. Unadhani ile nyumba ya mawe aliijengaje?" Shangazi akacheka tu, akaondoka. Mzee mmoja wa jirani ndiye aliyeniambia nje, "Babu yako alikuwa jenerali wa beni."

Maswali yangu: hiyo beni ilikuwa chama au ngoma? Mtu alijiungaje? Na je, kipo mpaka leo, mtu anaweza kujiunga?

Kipanga Mzee
Kama ni Freemason na nyie wajukuu hamna hata bajaji, basi mzee alikatwa uanachama. Pole mkuu.

Mtumiaji mpya 0417
[Ujumbe umeondolewa na msimamizi. Namba za simu za "kujiunga na utajiri" haziruhusiwi hapa.]

Dada wa Makorora
Hawajachelewa hata dakika kumi! Jamani hao msiwapigie. Binamu yangu alituma "ada ya fomu", ikaja "ada ya pete", ikaja "ada ya kusafirisha pesa zako". Alipouza pikipiki ndipo akashtuka. Pete yenyewe hajaiona mpaka leo.

Karani Mstaafu
Mjukuu, jirani yenu kakwambia kweli. Huyo ni mtu wa beni, na picha hiyo itunze.

Neno lenyewe limetoka kwenye "bendi". Ngoma ilianza miji ya Pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890. Vijana waliona bendi za matarumbeta za Wazungu, gwaride, sare, vyeo, wakavichukua vyote wakavitia kwenye kitu chetu cha zamani sana, yaani mashindano ya mtaa kwa mtaa. Kabla ya Vita ya Kwanza ilikwishafika Tanga na Dar es Salaam. Vita ilipokuja, askari na wapagazi wakaibeba mpaka bara. Baada ya 1918 ungeikuta Tabora, Ujiji, Songea, Lindi, kila palipo na boma na soko.

Tanganyika kulikuwa na pande mbili kubwa, Marini na Arinoti. Kila mji una tawi la Marini na tawi la Arinoti, na matawi yanaandikiana barua. Vyeo vinashuka kama jeshini na serikalini: Kingi, Gavana, Jenerali, Jaji, Dokta. Kwa hiyo umeuliza chama au ngoma. Jumapili ni ngoma, siku nyingine zote ni chama. Ukiumwa wanakuja kukuona. Ukifiwa wanachanga sanda. Ukihamishiwa mji usiokuwa na ndugu, unauliza tu Marini wanakaa wapi, unafika unapokelewa, unapata pa kulala na mtu wa kukutafutia kazi. Kwa karani wa enzi hizo, anayetupwa leo Tanga kesho Kigoma, hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko tarumbeta.

Waingereza waliogopa. Mwaka 1919 na kuendelea maofisa wao walipeleleza na kuandikiana kama hii siyo njama ya siri, maana waliona weusi wana Kingi wao, Gavana wao, na barua zinavuka mipaka ya koloni. Wengi wao mwishoni waliridhika kwamba si hatari.

Mjukuu wa Chumbageni
Karani Mstaafu, shikamoo mzee wangu. Nimesoma hii post mara tatu.

Karani Mstaafu
Marahaba. Weka hayo maandishi ya nyuma tuyaone.

Mwana wa Kibokoni
Hapo kwa asili ya beni niongeze kidogo, maana Watanzania mukishika kitu chetu hamkirejeshi. Sisi Mombasa twataja Kingi na Skochi. Skochi walivaa marinda kama Waskoti, hakuna kuchekana. Na si wanaume pekee. Nyanyangu alikuwa kwenye lelemama, ngoma ya wanawake, na wanawake nao walikuwa na Kingi yao na Skochi yao, baadaye zikaja Ibinaal Watan na Banu Saada. Akina mama wale walishindana hata waume wakatishika: leo hawa wamechinja ng'ombe wawili, kesho wale lazima wachinje watatu. Nyanya alisema kuna bibi aliuza dhahabu yake yote ili upande wake usiaibike, na mumewe alijua siku ya karamu, kwa kulishwa.

Kujiunga kulikuwaje? Kwanza watu wa mtaa wako ndio watu wa ngoma yako. Wazaliwa ndani, hupeleki ombi. Mgeni ndiye aliyekuwa akitafuta mtu wa kumuingiza.

Fundi Mwashi
Kwa kuwa bamdogo ametaja Freemason, tuseme kweli ili tusichanganye.

Freemason ni chama cha wanaume kilichounda baraza lake kuu London tarehe 24 Juni 1717. Afrika Mashariki wana Baraza la Wilaya lililo chini ya lile la Uingereza, na kiongozi wake aliyejulikana sana Tanzania ni Sir Andy Chande, mzaliwa wa Mombasa, aliyefariki 2017. Ndiye yule ambaye vinu vyake vya nafaka vilitaifishwa na Mwalimu Nyerere 1967, kisha akaombwa na serikali hiyohiyo aviendeshe vikiwa Shirika la Usagishaji. Alijitokeza magazetini kwa jina lake na kueleza chama chake. Hakujificha nyuma ya tangazo la kwenye nguzo ya umeme kama matapeli.

Kujiunga: uwe mwanamume mtu mzima, uamini yuko Mungu, dini yako yoyote. Wanachama wakupendekeze, uhojiwe, halafu wapige kura ya siri kwa vigololi vyeupe na vyeusi. Cheusi ni kura ya kukataa. Ukipita unapanda daraja tatu. Na unalipa ada, hulipwi. Anayekwambia utalipwa ni mwizi, basi. Kwa Wakatoliki kanisa limekataza tangu 1738, na Roma ikarudia katazo hilo 2023.

Mtu wa Kisesa
Fundi Mwashi umeeleza vizuri, ila umefanya ionekane mambo ya viapo na daraja yametoka London. Sisi Wasukuma tulikuwa nayo. Wagika na Wagalu ni nini? Karne ya 19 walitokea wacheza ngoma wawili, Ngika na Gumha, kila mmoja akidai dawa yake ndiyo inayovuta watu. Wafuasi wa Ngika ndio Bagika, wa Gumha ndio Bagalu. Mpaka leo Usukumani, baada ya mavuno, ngoma mbili zinasimama pande mbili za uwanja, mshindi ni yule ambaye umati umehamia kwake. Hakuna jaji, miguu ya watazamaji ndiyo kura.

Halafu kuna Bayeye, watu wa nyoka. Kule huingii kwa kupenda ngoma tu. Unafundishwa dawa ya kuumwa na nyoka, unakula kiapo cha kutotoa siri. Mjomba wangu ni Muyeye. Nimemuuliza miaka kumi ile dawa ni majani gani. Ananijibu, "Ingia."

Kwa hiyo OP (mwenye mada), swali lako la tatu, kama unataka chama cha kujiunga ambacho kiko hai, njoo Bujora, karibu na Mwanza, mwezi wa sita wakati wa sikukuu ya ngoma ya Bulabo, useme na ningi, yaani kiongozi wa ngoma. Wapo.

Kipanga Mzee
Mtu kauliza koti la babu yake, ashaambiwa akashike chatu.

Dada wa Makorora
😂😂 Mimi swali langu ni dogo. Marini naelewa, ni wale wanamaji. Arinoti ndiyo nini?

Karani Mstaafu
Hapo dada umeuliza swali ambalo wazee waligombana. Marini ni kutoka jina la askari wa majini wa Kiingereza, na watu wake walijiona wastaarabu: makarani, wenye kusoma, watoto wa mjini. Arinoti walikuwa zaidi watu wa kazi za mikono na waliotoka bara. Kuhusu jina, mwalimu wangu mmoja alisema ni Kiingereza kilichovunjika, wanaocheza walisikia amri ya gwaride wakaigeuza. Amri gani, hakuwahi kunitajia.

Hamali wa Bandari
Si Kiingereza. Ni "Arnauti". Waturuki waliwaita hivyo Waalbania, na askari wa namna hiyo walikuwa wengi Misri. Pwani yetu ilijua habari za Misri kuliko za Scotland. Mtu akitaka jina la askari mkali asiye na mchezo, hilo lipo tayari.

Mwana wa Kibokoni
Hamali, hiyo ni tamu lakini waisema kwa sababu ni tamu. Mimi nalisikia kwamba ni "hawana noti", mafukara, yaani jina la matusi lililotolewa na upande wa pili, nao wakalivaa kwa jeuri.

Hamali wa Bandari
Noti za karatasi zilikuwa zimezoeleka kiasi gani Pwani wakati jina hilo linaanza? Watu walihesabu rupia za fedha. Fikiria tena kaka.

Mwana wa Kibokoni
Nafikiri. Bado sikubali Waalbania.

Katangais
Jambo bandugu. Huku kwetu Lubumbashi bazee banaita "mbeni". Ilikuwa zamani ya Elisabethville, batu ya mugodi na ba-boyi ya Bazungu banavaa sare, bako na ba-king yabo. Miye sikujua kama ilitoka kwa bahari. Asanti.

Msomaji wa Ndola
Katangais yuko sahihi, na upande wa pili wa mpaka ndiko ilikoleta balaa. Mwaka 1935 wachimba shaba wa Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) waligoma baada ya kodi kupandishwa. Wakaanza Mufulira, ikafuata Nkana, ya mwisho Luanshya, ambako polisi walipiga risasi wakaua watu sita. Tume ya serikali ilipouliza nani aliwapanga hawa watu wa makabila mbalimbali, watu wa mbeni walitajwa sana. Maana walikuwa na kila kinachohitajika: viongozi, nidhamu, ujumbe unaofika kambi hadi kambi. Sisemi mbeni ndiyo iliyogomesha. Wengine walitaja mafundisho ya dini, wengine wakasema kodi yenyewe inatosha kumgomesha mtu.

Baadaye ilizaa ngoma ya kalela. Mwanazuoni Clyde Mitchell aliandika juu yake 1956, na kwenye kundi aliloliona Luanshya kulikuwa na "kingi", "dokta" mwenye koti jeupe, na "nesi" mwenye kitambaa na kioo anayewapitia wachezaji wajiweke nadhifu.

Mnyasa wa Mbamba Bay
Dokta mwenye koti jeupe! OP, babu yako alikuwa na koti jeupe. Ni dokta huyo, siyo jenerali.

Na kwetu ziwani haijafa, msiseme imekufa. Ngoma ya mganda ni mjukuu wa beni. Malawi wanaita malipenga. Wanaume wamevaa kaptula nyeupe, soksi ndefu, wanapanga mistari, wanapuliza vibuyu vilivyozibwa tundu kwa utando wa buibui vinatoa sauti kama tarumbeta. Kila kijiji kina kundi, kina wakubwa wake. Nilijiunga nikiwa darasa la sita kwa kosa la kupiga kibuyu cha kaka yangu bila ruhusa. Adhabu ikawa nikipige mpaka nijue.

Karani Mstaafu
Mnyasa, upanga dokta anaushika wa nini, wa upasuaji? Ni jenerali.

Mjukuu wa Chumbageni
Wakuu nimeweka picha ya maandishi ya nyuma. Samahani kwa giza, ni simu.

Ustadhi wa Ngamiani
Hiki ni Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Neno la kwanza limekaa vizuri: "jemadari". Kwa hiyo cheo ni cha jeshi, Mnyasa asamehe. Neno la pili ndilo lenye mtihani. Herufi ya mwanzo imeliwa, ya mwisho imefunikwa na fremu. Katikati naona *re*, kisha *nuni*.

Sasa "Marini" ni *mimu, re, nuni*, halafu *ye*. "Arinoti" ni *alifu, re, nuni*, halafu *te*. Zote mbili zinapita hapo! Ondoa fremu.

Mjukuu wa Chumbageni
Fremu imegandishwa, nikivuta picha inachanika. Shangazi amekataa isiguswe.

Hamali wa Bandari
Karani wa forodhani ni Marini. Hatuna haja ya fremu.

Karani Mstaafu
Kwa kawaida ndiyo. Ila usiwe na hakika hivyo, Hamali. Niliyoyasema juu ni ya jumla. Terence Ranger, aliyetoa kitabu kizima juu ya beni mwaka 1975, anaonyesha jinsi makundi haya yalivyobadilika kutoka mji hadi mji na miaka hadi miaka. Baba yangu mdogo aliniambia mjini kwao walikuwepo Marini wachukuzi na Arinoti wenye suti.

Na kuhusu kujiunga, nilivyosimuliwa naye: unapelekwa na rafiki, unalipa kiingilio, unaanza chini kabisa kama askari wa kawaida. Cheo kinapanda kwa utumishi na kwa mfuko. Anayetaka ujenerali awalishe wenzie. Nidhamu ilikuwa na faini, kuchelewa faini, sare chafu faini. Alisema yeye alikaa miezi minne, faini zikamshinda, akarudi kwenye drafti.

Dada wa Makorora
Kwa hiyo nyumba ya mawe haikutoka kwa beni. Beni ilikuwa inakula pesa, siyo kuleta.

Fundi Mwashi
Nilisema. Hata Freemason hali kadhalika.

Kipanga Mzee
Swali la maana sasa. Yanga 1935, Simba 1936. Pande mbili, rangi mbili, watu wa mji wanagawanyika katikati, matawi kila mkoa, ukihamia mji mgeni unauliza wanachama wanakaa wapi. Hamuoni kwamba ni Marini na Arinoti wamepewa mpira?

Mnyasa wa Mbamba Bay
Na Simba mwanzoni waliitwa Queens, kwa hiyo vyeo vya kifalme viko palepale 😂

Msomaji wa Ndola
Wapo wanaosema mashindano ya ngoma yalihamia kwenye mpira na vilabu vya dansi. Ila kusema klabu fulani ilitokana na Marini moja kwa moja, leteni ushahidi.

Mwana wa Kibokoni
Na taarabu je? Dar es Salaam Egyptian na Al-Watan hawakushindana? Kila kitu cha Pwani kina pande mbili. Lamu ina pande za Mkomani na Langoni, tangu kabla ya beni. Beni ilikuta ugomvi tayari, ikauvisha sare.

Dada wa Makorora
Na siasa pia. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma, Bomba, kabla ya kuingia TANU. Alipotaka wanawake alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, akapata wanachama kwa mamia. Wanaume walikuwa na makaratasi, wanawake walikuwa na mtandao.

Karani Mstaafu
Sahihi kabisa dada. Ila Bomba usiichanganye na beni ya wanaume, ni ukoo mwingine.

Dada wa Makorora
Nashukuru mzee, sikuchanganya, nimelinganisha.

Mtu wa Kisesa
Mmeipita hoja yangu ya Wagika na Wagalu kama basi lisilosimama Kisesa.

Kipanga Mzee
Tumeogopa nyoka.

Mjukuu wa Chumbageni
Wakuu nimerudi. Nimempigia shangazi, safari hii nikamwambia watu wengi wanauliza kwa heshima, akalegea.

Anasema babu alikuja Tanga kijana, hajui kusoma, akibeba magunia ya mkonge. Akaingia Arinoti kwa sababu aliyempokea stesheni alikuwa Arinoti. Huko akapanda mpaka jemadari. Baadaye akajifunza kusoma, akapata ukarani, na wenzake wa ofisini wote walikuwa Marini. Wakamwambia mwenzetu hukai huko. Shangazi anasema alihama. Bamdogo, aliyekuwa anasikiliza pembeni, akaichukua simu na kusema hakuhama, aliacha ngoma zote akaingia kwenye kuswali, na hilo la Marini shangazi kalizua ili ukoo uonekane wa kistaarabu.

Nikamuuliza bamdogo, na Freemason je? Akasema mamake ndiye aliyewaambia watoto hivyo ili wasiiguse ile picha.

Ustadhi wa Ngamiani
Kama picha ilipigwa kabla ya ukarani, basi neno ni Arinoti. Kama ni baada, Marini. Picha ina tarehe?

Hamali wa Bandari
Tazameni vifungo. Mbeba magunia hana vifungo vile.

Mwana wa Kibokoni
Sare zilikuwa za chama, si zake. Nyanyangu alikuwa na mikufu ya chama, akirejesha kila Jumatatu.

Mjukuu wa Chumbageni
Tarehe haionekani. Kuna muhuri wa studio kwenye pembe, herufi za Kilatini, nusu yake iko chini ya fremu. Jumamosi naenda Tanga, shangazi amekubali fremu ifunguliwe ila kwa sharti afungue fundi wa vioo wa Barabara ya 12, siyo mimi.

Kipanga Mzee
Ukifika usisahau kuuliza alikuwa Simba au Yanga.